Yaelekea, Huenda au Hakika? Namna ya Kulifasiri Neno “Likely” kwa Mgonjwa

Utangulizi

Lugha ya mafunzo ya udaktari katika vyuo vyetu ni Kiingereza, ilhali lugha ya wengi wa wagonjwa wetu ni Kiswahili. Kila siku, katika zahanati, vituo vya afya na hospitali, mtoa huduma husoma mwongozo wa tiba, jibu la maabara au barua ya rufaa iliyoandikwa kwa Kiingereza, kisha humgeukia mgonjwa na kumweleza kwa Kiswahili. Maneno mengi huvuka mpaka huo bila taabu: figo ni figo, na damu ni damu. Yapo, hata hivyo, maneno madogo yasiyo ya kitabibu hata kidogo, ambayo hupotea njiani, nayo ndiyo yanayobeba uamuzi. Mojawapo ni kivumishi “likely”.

Neno hili hutumika aghalabu tunapozungumzia jambo ambalo bado halijatokea. Mgonjwa anataka kujua kama atapona, kama mtoto aliye tumboni ataugua, kama dawa aliyoandikiwa itamdhuru. Sayansi ina jibu, lakini jibu hilo ni la kiasi, si la ndiyo au hapana. Kiasi hicho ndicho kinachofichwa ndani ya neno hili. Likifasiriwa kwa nguvu kupita kiasi, mgonjwa husikia hukumu. Likifasiriwa kwa udhaifu, husikia kwamba hakuna ajuaye lolote. Katika hali zote mbili anaweza kuacha tiba ambayo ingeokoa maisha yake.

Makala hii inaeleza maana ya neno hilo na matumizi yake, inapitia maneno ya Kiswahili yanayolikaribia, kisha inaonyesha kwa mifano ya magonjwa tunayoyafahamu namna ya kumpa mgonjwa taarifa anayoweza kuitumia.

Maana na matumizi ya neno lenyewe

Mwisho wa neno hili, yaani “-ly”, huwafanya wanafunzi wengi wadhani kuwa ni kielezi, kwa sababu vielezi vingi vya Kiingereza vina umbo hilo. Kwa kawaida neno hili ni kivumishi. Huweza kumhusu mtu, kama mgonjwa anayeelekea kupona. Huweza kuhusu tukio, kama mvua inayoelekea kunyesha. Na huweza kuhusu kitu kinachotafutwa, kama chanzo kinachoelekea kuwa ndicho kilicholeta homa. Huwa kielezi hasa linapotanguliwa na maneno ya kukazia kama “very” na “most”.

Asili yake ina uhusiano na neno la Kiingereza lenye maana ya kufanana. Jambo linaloelezwa hivyo ni jambo lenye sura ya kweli: dalili tunazoziona zinafanana na zile ambazo kwa kawaida hutangulia tukio hilo. Wahenga wetu walilisema hilo waliposema kwamba dalili ya mvua ni mawingu. Mawingu si mvua, na mara nyingine hupita bila tone kudondoka. Lakini anayeanika mpunga huku mawingu yametanda hawezi kusema hakuonywa.

Mambo matatu yanafaa kukumbukwa kuhusu neno hili. Kwanza, lina upande. Katika matumizi ya kawaida humaanisha kwamba kutokea kwa jambo kuna uzito kuliko kutotokea. Hapo ndipo linapotofautiana na “possible”, ambalo husema tu kwamba mlango haujafungwa. Kinyume chake, “unlikely”, humaanisha kwamba jambo halielekei kutokea. Hakimaanishi kwamba haliwezekani.

Pili, halihusu wakati ujao peke yake. Daktari anapoandika kwamba homa ya mgonjwa yaelekea ni malaria, ugonjwa wenyewe tayari umo mwilini au haumo. Kisicho na uhakika ni ujuzi wetu. Vivyo hivyo katika kufuatilia usalama wa dawa, ambako Shirika la Afya Duniani na kituo chake shirikishi kilichopo Uppsala, Sweden, hutumia madaraja ya kupima kama dawa ndiyo iliyomdhuru mgonjwa. Miongoni mwa madaraja hayo yamo la hakika, la yaelekea, la yawezekana na la haielekei. Mgonjwa aliyetokwa na upele siku chache baada ya kuanza dawa, bila sababu nyingine inayoeleweka, kisha upele ukapungua dawa iliposimamishwa, huwekwa katika daraja la yaelekea. Ili kufika daraja la hakika hutakiwa ushahidi zaidi, kwa mfano madhara kurejea dawa inapotolewa tena, jambo ambalo mara nyingi si salama kulifanya.

Tatu, uwezekano wowote una masharti. Hakuna kuelekea kutokea bila kusema chini ya hali gani na ndani ya muda gani. Kifua kikuu ni mfano mzuri. Kwa takwimu za Shirika la Afya Duniani, wagonjwa wa kifua kikuu wasiotibiwa hufariki kwa takriban nusu yao, ilhali wanaopata tiba sahihi hupona kwa takriban 85 kati ya kila 100. Kwa ugonjwa huo mmoja, kwa hiyo, tunaweza kusema kwa ukweli kwamba mgonjwa anaelekea kupona na pia kwamba yumo katika hatari kubwa ya kufa. Kinachotenganisha kauli hizo mbili ni neno “kama”: kama atatumia dawa na kumaliza. Mtoa huduma asiyelitamka neno hilo hajaeleza chochote.

Kiswahili kina maneno gani?

Kiswahili hakina upungufu wa maneno ya namna hii. Tatizo letu ni uchaguzi.

Tuanze na “labda”. Asili yake ni Kiarabu, ambako maana yake ni lazima, yaani lisilo na budi. Neno “budi” lenyewe bado tunalitumia kwa maana ya asili tunaposema “hatuna budi”. Lakini “labda” liliposafiri na kukaa katika Kiswahili liligeuka likawa neno la shaka. Safari hiyo ya neno moja kutoka kwenye ulazima hadi kwenye shaka inatuonyesha jinsi maneno ya makadirio yasivyo na kiwango cha kudumu. “Yamkini” nalo linatokana na Kiarabu, kwa maana ya kuwezekana. “Huenda” limeundwa na kiambishi cha mazoea pamoja na kitenzi “enda”, na “pengine” linatokana na kutaja mahali au wakati mwingine. Maneno yote haya manne yanaufungua mlango bila kusema umefunguka kwa upana gani. “Huenda ukapona” na “huenda usipone” zinaweza kusemwa kwa mgonjwa yuleyule, na zote zikawa kweli. Kumwambia “huenda ukapona” mtu ambaye tisa kati ya kumi wa mfano wake hupona ni kumnyima tumaini ambalo ni haki yake.

Kwa upande mwingine kuna kiambishi “-ta-”. Sarufi yetu inatuwezesha kusema “dawa hii itakuletea kichefuchefu” kwa urahisi uleule tunaosema “kesho itakuwa Jumatano”. Katika mazungumzo ya haraka ya kliniki, kiambishi hiki hugeuza lile linaloelekea kutokea likawa ahadi au hukumu. Mgonjwa aliyeambiwa “itakuletea kichefuchefu” anaweza kukaa siku nzima akikisubiri, au akaamua kutoinywa kabisa.

Lipo pia neno “rahisi”, ambalo tumelizoea sana katika elimu ya afya: ni rahisi kupata kipindupindu, ni rahisi kuambukizwa. Neno hili linaeleza wepesi, si kiasi. Mtu aliyeambiwa kwamba ni rahisi kupata virusi vya UKIMWI kwa ngono isiyo salama, akafanya hivyo mara kadhaa, kisha akapima na kukutwa hana maambukizi, anaweza kuhitimisha kwamba alidanganywa au kwamba ana kinga ya pekee. Mahitimisho yote mawili ni ya hatari. Uwezekano wa kuambukizwa kwa tendo moja ni mdogo kuliko wengi wanavyodhani, lakini hujirudia kila tendo linaporudiwa, na mtu hana njia ya kujua ni lipi litakalomwambukiza.

Neno lililo karibu zaidi na “likely” ni “yaelekea” au “inaelekea”. Kitenzi chake ni kuelekea, yaani kuukabili upande fulani. Kama kivumishi cha Kiingereza, neno hili lina upande lakini halijafika. Tukiongeza “kuna uwezekano mkubwa”, tunapata kauli mbili zinazoweza kutumika rasmi na katika mazungumzo. Tuangalie tu kwamba kusema “kuna uwezekano”, bila kutaja mkubwa au mdogo, ni kurudi kwenye mlango ulio wazi tu. Kwa upande wa kinyume tunazo “haielekei”, “si rahisi” na “ni nadra”. Hapa “si rahisi” inafaa, kwa sababu msemaji wa Kiswahili anaposema si rahisi mvua inyeshe leo, kila mtu anamwelewa.

Neno moja, hesabu nyingi

Hata tukilipata neno zuri, bado hatujamaliza kazi. Mwaka 1951 wachambuzi wa ujasusi wa Marekani waliandika kwamba kushambuliwa kwa Yugoslavia mwaka huo ni jambo linalopaswa kuchukuliwa kuwa na uwezekano mkubwa kiasi cha kutiliwa maanani. Sherman Kent, aliyekuwa miongoni mwa viongozi wao, yeye binafsi alikusudia takriban 65 dhidi ya 35. Alipowauliza wenzake walioafiki maneno hayohayo, aligundua kwamba wengine walikusudia 20 dhidi ya 80, na wengine 80 dhidi ya 20. Walikuwa wametia saini sentensi moja, wakiwa na maoni yanayokaribia kupingana. Kent alilieleza jambo hilo katika makala ya mwaka 1964, akapendekeza kila neno la makadirio lipewe kiwango chake cha hesabu.

Wengine wamefuata njia hiyo. Jopo la Kiserikali la Mabadiliko ya Tabianchi hulitumia neno “likely” kwa jambo ambalo uwezekano wake ni 66 au zaidi kati ya 100, na huongeza neno la kukazia pale unapofika 90. Katika dawa, Umoja wa Ulaya umeweka vipimo vya maneno yanayoandikwa kwenye vijikaratasi vya maelezo. Madhara yakiitwa ya kawaida, maana yake yanawapata kuanzia mtu 1 hadi 10 kati ya kila watumiaji 100. Yakiitwa ya kawaida sana, yanawapata 10 au zaidi kati ya 100. Yakiitwa ya nadra, yanawapata kuanzia mtu 1 hadi 10 kati ya watumiaji 10,000.

Msomaji atafakari hapo. Madhara “ya kawaida” katika kijikaratasi cha dawa ni madhara ambayo zaidi ya watumiaji 90 kati ya 100 hawatayapata. Mgonjwa wa shinikizo la damu asomaye neno hilo peke yake, au asomewaye na mwanawe, huelewa kwamba madhara hayo ni ya kila mtu. Utafiti uliofanyika Uingereza umeonyesha kwamba wasomaji wa maneno haya hukadiria hatari kuwa kubwa mno kuliko ilivyo, na kwamba wanaopewa hesabu hukadiria kwa usahihi zaidi. Tatizo hili, basi, si la Kiswahili wala la elimu ndogo. Ni tatizo la neno linalobeba hesabu bila kuitamka.

Zaidi kuliko nani?

Kuna mtego mwingine katika umbo la kulinganisha. Kiingereza hupenda kusema kundi fulani lina uwezekano zaidi au pungufu kuliko kundi jingine. Sisi huifasiri kauli hiyo, na mara nyingi kile kinacholinganishwa hudondoka njiani. Wavutaji wa sigara wana uwezekano wa kupata saratani ya mapafu mara 15 hadi 30 kuliko wasiovuta. Hii haimaanishi kwamba wengi wa wavutaji wataugua saratani hiyo. Kwa kweli wengi hawataugua, ndiyo maana kila kijiji kina mzee aliyevuta tangu ujana na bado analima. Ni heri tuutambue ukweli huo mapema kuliko kuumbuliwa na mzee huyo, kisha tueleze lililo zito zaidi: saratani ya mapafu ni moja tu kati ya magonjwa mengi yatokanayo na tumbaku, na kwa jumla tumbaku huua hadi nusu ya watumiaji wake wasioiacha.

Mfano wa pili ni tohara ya wanaume. Uchunguzi uliofanyika Kisumu, Kenya, na matokeo yake kuchapishwa mwaka 2007, ulihusisha wanaume 2,784 wenye umri wa miaka 18 hadi 24. Katika muda wa miaka miwili, takriban 4 kati ya kila 100 wa kundi ambalo halijatahiriwa walipata maambukizi ya virusi vya UKIMWI, na takriban 2 kati ya kila 100 wa kundi lililotahiriwa. Pamoja na uchunguzi wa Afrika Kusini na wa Rakai, Uganda, matokeo haya ndiyo yaliyozaa kauli inayojulikana kwamba tohara hupunguza hatari ya mwanamume kuambukizwa kwa takriban asilimia 60.

Kauli hiyo ni ya kweli, na tohara imeleta manufaa makubwa. Lakini asilimia hiyo huweza kusikika kana kwamba wanaume 60 kati ya 100 waliotahiriwa hawawezi kuambukizwa kabisa. Kusema “kati ya 100 wasiotahiriwa waliambukizwa 4, na kati ya 100 waliotahiriwa waliambukizwa 2” kunaonyesha faida iliyopo na hatari iliyobaki kwa mara moja. Hao 2 ndio sababu ya kuendelea kutumia kondomu.

Kila mimba ni hesabu mpya

Pengine hakuna mahali ambapo neno hili lina uzito wa majonzi kama katika familia zenye selimundu. Baba na mama wanapokuwa wote wawili wamebeba kinasaba cha selimundu bila wao wenyewe kuugua, kila mimba ina uwezekano wa 1 kati ya 4 wa kuzaa mtoto mgonjwa, 2 kati ya 4 wa kuzaa mtoto mbebaji kama wazazi wake, na 1 kati ya 4 wa kuzaa mtoto asiye na kinasaba hicho kabisa.

Wazazi wengi wanapoambiwa “mmoja kati ya wanne” huelewa kwamba kati ya watoto wao wanne, mmoja ataugua. Aliyekwisha kuzaa mgonjwa hudhani kwamba amemaliza zamu yake, na watatu wanaofuata watakuwa salama. Sivyo. Mimba haikumbuki mimba iliyoitangulia. Kila mara hesabu huanza upya, ni ileile. Tukizichukua familia 100 za namna hiyo, kila moja ikiwa na watoto wanne, takriban 32 hazitakuwa na mtoto mgonjwa hata mmoja, na takriban 68 zitakuwa na mmoja au zaidi. Miongoni mwa hizo 68 zimo zenye wawili, watatu, na hata wote wanne. Kuwaeleza wazazi hivyo kabla ya mimba inayofuata kunawaondolea pia lawama ambazo aghalabu huangushiwa mama peke yake, kwa kuwa hesabu hii haipatikani bila wazazi wote wawili.

Hali kama hiyo ipo kwa mama mjamzito anayeishi na virusi vya UKIMWI. Pasipo dawa, maambukizi kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto katika ujauzito, kujifungua na kunyonyesha huwapata watoto 15 hadi 45 kati ya 100. Mama akitumia dawa ipasavyo, kiwango hicho hushuka chini ya 5 kati ya 100. Mama anayesikia “mtoto ataambukizwa” hukata tamaa na huona dawa hazina maana. Anayesikia “huenda akaambukizwa, huenda asiambukizwe” haoni tofauti iletwayo na kidonge cha kila siku. Anayesikia hesabu zote mbili, ya kabla na ya baada ya dawa, anaona kilichomo mikononi mwake.

Uwezekano mdogo, madhara makubwa

Jambo lisiloelekea kutokea halistahili kupuuzwa kwa sababu hiyo pekee. Muuguzi aliyejichoma kwa sindano iliyotumika kwa mgonjwa mwenye virusi vya UKIMWI ana uwezekano wa kuambukizwa wa takriban 3 kati ya 1,000. Ni uwezekano mdogo, na ni vema aelezwe hivyo ili apate usingizi. Hata hivyo anapaswa kuanza dawa za kinga mapema iwezekanavyo, kabla ya saa 72 kupita, na kuzitumia kwa siku 28. Kwa homa ya ini aina ya B, kwa ambaye hajachanjwa, hatari ni kubwa zaidi, kati ya 6 na 30 kwa 100. Ndiyo maana chanjo yake si pambo kwa mtumishi wa afya.

Kichaa cha mbwa kinaonyesha jambo hilo kwa ukali zaidi. Si kila mbwa aumaye ana ugonjwa, na si kila aumwaye na mbwa mgonjwa huambukizwa. Lakini dalili zikishajitokeza kwa binadamu, kifo ni karibu hakika. Kwa hiyo hatusubiri kujua kama jambo linaelekea: tunaosha kidonda kwa maji na sabuni kwa dakika 15 na kuanza chanjo. Uwezekano na uzito wa madhara ni mizani miwili, na mgonjwa anahitaji kuisoma yote.

Ni nani basi anayeamua kwamba uwezekano ni mdogo kiasi cha kutotajwa? Mahakama ya Juu ya Uingereza ilijibu swali hilo mwezi Machi 2015 katika kesi ya Montgomery, iliyotoka Scotland. Mama mwenye kisukari alikuwa na uwezekano wa 9 hadi 10 kati ya 100 wa mabega ya mtoto kukwama wakati wa kujifungua. Hakuelezwa, kwa sababu daktari aliona hatari ya mtoto kupata madhara makubwa ni ndogo sana. Mtoto alizaliwa mwaka 1999 akiwa na ulemavu mkubwa. Mahakama iliamua kwamba kipimo si maoni ya daktari, bali ni kama mtu mwenye busara aliye katika hali ya mgonjwa huyo angeelekea kuipa hatari hiyo uzito. Hukumu hiyo ni ya nchi nyingine, lakini hoja yake inavuka mipaka: ukubwa wa hatari hukadiriwa na sayansi, na thamani yake hupimwa na anayeibeba.

Hesabu na majaliwa

Wapo watoa huduma wanaoona kwamba kutaja hesabu ni kujifanya mtabiri, na wapo wagonjwa wanaoona kwamba ni kuingilia majaliwa. Mashaka haya ni ya haki na yanastahili jibu. Hesabu haisemi lolote kuhusu mtu mmoja. Inasimulia waliopita njia hii kabla yake: walikuwa wangapi, na yaliwakuta yapi. Anayesema “Mungu akipenda” hapingani nayo, kama vile mvuvi aombaye dua kabla ya kutweka tanga hapingani na kuutazama upepo.

Njia moja ya kusema ni hii: “Mama, kati ya wagonjwa 100 wenye ugonjwa kama wako waliomaliza dawa, wengi mno wamepona, na wachache hawakupona. Siwezi kujua wewe umo katika kundi lipi. Ninachojua ni yale yanayokusogeza upande wa waliopona, nayo tutayafanya pamoja.” Kauli hii haiahidi wala haihukumu.

Mapendekezo kwa watoa huduma ya afya

1. Kabla ya kufasiri, jiulize neno limekusudia kiasi gani. Kama mwongozo una hesabu, itumie. Kama hauna, sema “yaelekea” au “haielekei”, wala usijitungie tarakimu.

2. Sema “kati ya watu 100” badala ya asilimia, na usibadili idadi ya msingi katikati ya maelezo. Mgonjwa hawezi kulinganisha 1 kati ya 20 na 3 kati ya 100 kwa haraka.

3. Taja pande zote mbili: watakaopatwa na wasiopatwa. “Watu 5 kati ya 100 hupata kizunguzungu, 95 hawapati.”

4. Taja muda na sharti: ndani ya mwaka mmoja, kama ukitumia dawa, kama usipotumia.

5. Tumia “-ta-” kwa yale tu yaliyo hakika, kama tarehe ya kurudi kliniki.

6. Mwombe mgonjwa aeleze kwa maneno yake alivyoelewa. Hilo si mtihani kwake. Ni kipimo cha maelezo yetu.

Mapendekezo kwa wagonjwa na familia

Ndugu mgonjwa, unayo haki ya kuuliza. Unapoambiwa “inawezekana”, “huenda” au “kuna hatari”, uliza: kati ya watu 100 kama mimi, ni wangapi? Ndani ya muda gani? Nikitumia tiba hii itakuwaje, na nisipoitumia? Likitokea, ni jambo la kupita au la kudumu? Usiache dawa kwa sababu ya neno ulilolisoma kwenye kijikaratasi kabla hujauliza maswali hayo. Na kama mtaalamu akikujibu kwamba hana hesabu kamili, usimwone hajui kazi. Kukiri mpaka wa ujuzi ni sehemu ya ukweli.

Hitimisho

“Likely” ni neno dogo linaloegemea upande mmoja bila kufika mwisho. Kiswahili kinaliweza kwa “yaelekea” na “kuna uwezekano mkubwa”, mradi tusilipunguze hadi “labda” wala kulipandisha hadi “-ta-”. Hata hivyo fasiri bora kuliko zote ni kulifungua neno lenyewe na kumwonyesha mgonjwa kilichomo ndani yake: wangapi, kwa muda gani, na kama nini. Mgonjwa aliyepewa mambo hayo matatu anaweza kuamua pamoja nasi. Asiyepewa huamua vilevile, ila huamua kwa hofu au kwa matumaini yasiyo na msingi, na matokeo ya uamuzi huo huyabeba peke yake.